Namna ya Kupitia Ombi la Matumizi ya Ardhi au Ujenzi: Mwongozo kwa Mjumbe wa Kamati ya Mipango

Mjumbe mpya wa kamati ya mipango hukabidhiwa rundo la mafaili siku chache kabla ya kikao, naye hutarajiwa kupiga kura kana kwamba ameyasoma yote. Wengi husoma barua ya mwombaji, hutupia jicho ile picha ya jengo iliyopakwa rangi, basi. Makosa huanzia hapo. Barua hueleza nia, na kibali hakitolewi kwa nia. Sehemu nyingi duniani kibali hufuata ardhi: mwombaji akiuza kiwanja mwakani, mnunuzi hurithi kila kilichoruhusiwa. Unachopima, basi, ni jengo au shughuli itakayokaa pale miaka mingi mikononi mwa mtu usiyemjua.

Vipimo vilivyotajwa humu ni vya kukusaidia kushtuka pale hesabu inapokataa. Kinachotawala ni sheria na sheria ndogo za eneo lako, na nakala yake iwe mezani unapofungua faili.

Jua kwanza ombi ni la aina gani

Hapa ndipo penye uzito kuliko pengine pote, kwa kuwa aina ya ombi ndiyo inayoamua kamati ina uhuru kiasi gani.

Kuna ombi la matumizi ambayo kanuni tayari inayaruhusu kwenye kanda ile, yaani sehemu iliyotengewa matumizi fulani: nyumba ya kuishi katika eneo la makazi, duka katika eneo la biashara. Kazi ya kamati hapo ni kuhakikisha vipimo vimetimia. Vikitimia, huna sababu ya kukataa, hata kama majirani mia wamepiga kelele na wewe mwenyewe hulipendi jengo. Unaweza kurekebisha mahali pa geti au njia ya maji. Huwezi kufufua mjadala wa kama nyumba ziruhusiwe pale. Mjadala huo ulikwisha siku kanuni ilipopitishwa.

Kuna matumizi yenye masharti: shule ya awali, zahanati, ukumbi au kituo cha mafuta ndani ya eneo ambalo kanuni inasema “yanaweza kuruhusiwa iwapo”. Baada ya hilo “iwapo” hufuata orodha ya vigezo, na faili lipimwe kigezo kwa kigezo. Mwombaji ndiye mwenye mzigo wa kuonyesha kwamba ametimiza. Mjumbe akianza kutafuta majibu kwa niaba yake, amehama kiti.

Ombi la kulegezewa kipimo ndilo linaloharibu kamati nyingi. Mtu anaomba kujenga mita 1.5 kutoka mpakani ilhali kanuni inataka 3. Swali la msingi ni kama ugumu umo kwenye ardhi yenyewe: kiwanja chembamba kupita kawaida, mwamba, mteremko mkali, bomba kuu lililopita katikati. Kama ugumu ni kwamba mwombaji anataka vyumba viwili zaidi, huo ni upungufu wa ukubwa wa kiwanja ukilinganisha na matamanio, na haustahili kulegezewa. Angalia pia kama tatizo amejitengenezea mwenyewe, kwa mfano alikigawa kiwanja mwaka jana na sasa analalamika kwamba kipande kilichobaki ni chembamba. Ukikubali, toa kiasi kidogo kabisa kinachotosha. Aliyeomba 1.5 huenda angetoshelezwa na 2.4.

Mabadiliko ya matumizi ya ardhi, kwa mfano kutoka makazi kwenda biashara, ni jambo la sera, na hapa kamati ina uhuru mpana zaidi. Pima dhidi ya mpango kabambe wa eneo, yaani mpango mkuu wa matumizi ya ardhi yake yote, na pima kila kinachoweza kujengwa chini ya matumizi mapya. Mwombaji anasema atajenga duka la vitabu. Vema, ila kanda ya biashara inaruhusu pia baa, maghala na karakana, na baada ya kubadilisha hutaweza kumwambia mrithi wake kwamba ulidhani ni vitabu tu. Ogopa pia kiwanja kimoja kubadilishwa katikati ya vingine bila sababu inayohusu mtaa mzima. Kesho jirani ataleta ombi lilelile na hutakuwa na jibu.

Kugawa au kuunganisha viwanja kuna mtego wake: kila kipande kipya kiwe na njia ya kufikia barabara, na kipande kitakachobaki baada ya kugawa kitimize kanuni pia. Watu hukagua vipande vipya na kusahau kilichobaki.

Faili halijakamilika? Lisiingie kikaoni

Kabla ya kusoma ubora wa ombi, hesabu vilivyomo. Kwa kawaida uone hati ya umiliki au ridhaa ya maandishi ya mwenye ardhi. Ramani ya upimaji yenye mawe ya mipaka na tarehe. Mchoro wa kiwanja wenye skeli, mshale wa kaskazini na majengo ya jirani. Michoro ya kila ghorofa, ya mwonekano wa pande zote na walau mkato mmoja, yaani jengo likichorwa kana kwamba limepasuliwa toka juu hadi chini. Usawa wa ardhi kwa mistari ya kontua, ile inayounganisha mahali penye kimo sawa. Mfumo wa maji ya mvua na majitaka. Kwa matumizi yasiyo ya kuishi, ongeza maelezo ya shughuli: saa za kazi, idadi ya watu, mashine, magari yanayoleta mizigo na ukubwa wake. Karatasi hii ya mwisho ndiyo hukosekana mara nyingi, na ndiyo inayobeba majibu ya karibu kila swali watakalouliza majirani.

Kama kuna upungufu, afisa mipango miji amwandikie mwombaji barua moja yenye orodha nzima. Kuomba karatasi moja leo na nyingine mwezi ujao ni uonevu, na ndiko kunakowafundisha watu kujenga usiku. Barua hiyo ina faida nyingine: sheria nyingi huweka muda wa kamati kujibu, na muda huo huhesabiwa tangu ombi lilipokamilika. Mahali pengine muda ukipita bila jibu, ombi huhesabiwa kuwa limekubaliwa, au mwombaji hupata haki ya kukata rufaa. Tarehe ya kukamilika kwa faili iandikwe juu ya jalada kwa wino.

Shika rula

Usiamini namba zilizoandikwa kwenye mchoro mpaka umezipima. Anza na skeli. Kwenye 1:100, sentimita moja ni mita moja. 1:200, ni mita mbili. 1:500, ni mita tano. Tatizo la kawaida ni karatasi iliyopunguzwa: mchoro wa ukubwa wa A1 ukitolewa kwenye A3, kila urefu unakuwa nusu, na kilichoandikwa 1:100 kimeshakuwa 1:200. Ukipima kwa rula ukidhani ni 1:100, jengo la mita 18 litaonekana la mita 9. Kinga yake ni mstari wa skeli uliochorwa kwenye karatasi yenyewe, maana hupungua pamoja na mchoro. Mchoro usio na mstari huo urudishwe.

Kisha linganisha eneo lililo kwenye hati na eneo la kiwanja kilichochorwa. Likitofautiana, wajumbe wengine hupuuza wakisema ni makosa ya uchapaji. Mara nyingi ni kipande cha hifadhi ya barabara kilichomezwa na uzio.

Chukua mfano wa kiwanja cha mita 20 kwa 30, yaani mita za mraba 600, katika eneo ambalo kanuni inaruhusu kufunika asilimia 50 na uwiano wa eneo la sakafu (jumla ya sakafu zote ukigawanya kwa eneo la kiwanja) wa 1.5. Mwombaji anataka jengo la mita 15 kwa 18, ghorofa nne, nyumba 12. Chini limefunika mita za mraba 270, asilimia 45, safi. Sakafu zote nne ni 1,080. Ukomo ni 600 mara 1.5, yaani 900. Amezidi kwa 180, na barua yake inataja asilimia 45 pekee. Hakudanganya. Amechagua tu cha kusema.

Sakafu hujificha pia. Chunguza ghorofa nusu iliyoitwa stoo, chumba cha chini ya ardhi chenye madirisha makubwa, roshani pana mno ambazo mwaka mmoja baadaye hujengewa kuta na kuwa vyumba. Soma kanuni yako inahesabu nini, kisha hesabu mwenyewe. Vivyo hivyo kwa nafasi ya kuacha mpakani: je, inapimwa kutoka ukutani au kutoka mwisho wa upenu wa paa? Upenu wa sentimita 60 unatosha kugeuza ombi halali kuwa batili.

Sasa maegesho ya mfano uleule. Kanuni inataka gari moja kwa kila nyumba, hivyo nafasi 12. Nafasi moja ni takriban mita 2.5 kwa 5, ila ukijumlisha njia ya kugeuzia, kila gari hula karibu mita za mraba 25, jumla 300. Eneo lililobaki wazi ni 330, na kwenye karatasi hesabu inaelekea kukubali. Ichore. Jengo lina urefu wa mita 18, nyuma imeachwa mita 3, mbele zinabaki mita 9. Safu moja ya magari yaliyoegeshwa yakilielekea jengo inahitaji mita 5 za gari na kama 6 za kugeuzia, jumla 11. Hazipo. Mchoraji hutatua kwa kugeuza barabara ya umma kuwa njia ya kugeuzia, na magari yote yatatoka kinyumenyume. Ukiona nafasi za maegesho zinazofunguka moja kwa moja barabarani, jua kiwanja kimejaa.

Urefu wa jengo huleta kivuli, na kivuli kinahesabika. Jua likiwa nyuzi 45 juu ya upeo, kivuli ni sawa na urefu wa jengo. Likiwa nyuzi 30, ni mara 1.7. Jengo la mita 14 litatupa kivuli cha karibu mita 24 saa za jua la chini. Kanuni ya New York ya mwaka 1916, ya kwanza Marekani kugawa jiji zima katika kanda, ilisukumwa kwa sehemu na malalamiko ya namna hii, baada ya jengo refu la Equitable kukamilika mwaka 1915 na kuziba mwanga wa mitaa inayolizunguka. Penye jua la utosini muda mwingi wa mwaka, hoja hii ni nyepesi kuliko hoja ya upepo na faragha ya madirisha.

Maji yanakwenda wapi?

Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Ukishika hilo tu, umewatangulia wajumbe wengi. Kiwanja chetu cha mita za mraba 600 kilikuwa na kijumba chenye paa la 120, sehemu nyingine udongo na majani. Mpango mpya unafunika 550 kwa paa, zege na matofali. Mvua ya milimita 50 ikinyesha, zamani lita 6,000 zilitoka kwenye paa na sehemu kubwa ya maji mengine ilizama ardhini. Sasa lita 27,500 zinatafuta njia ya kutoka, na zinaitafuta zote kwa wakati mmoja.

Tafuta mishale ya maji kwenye mchoro na uifuate hadi mwisho. Kosa linalojirudia ni mshale unaoishia mpakani, kana kwamba maji yatafika kwenye uzio na kusita. Mshale lazima uishie kwenye mtaro unaojulikana, bwawa la kuhifadhi au shimo la kufyonza, na usawa wa kitako cha mtaro uwe umeandikwa na uwe chini kuliko mahali maji yanapotoka. Hii namba ya usawa ndiyo wachoraji huiruka, maana inahitaji mpima ardhi kufika. Bila hiyo huwezi kujua kama maji yatapanda mlima. Uliza pia kama kiwanja kimejazwa kifusi. Kukiinua kwa nusu mita huokoa jengo jipya na kumzamisha jirani aliye chini.

Kwa majitaka, pale pasipo na bomba la umma, pima umbali kati ya shimo na visima vyote vya karibu, pamoja na vya majirani, ambavyo karibu kila mara havimo kwenye mchoro. Viwango vya Sphere vinavyotumika katika misaada ya dharura vinataka angalau mita 30 kutoka chanzo cha maji ya ardhini, na kitako cha shimo kiwe angalau mita 1.5 juu ya maji hayo. Sheria yako yaweza kudai zaidi. Kina cha maji kipimwe msimu wa mvua. Kipimo cha kiangazi kitapendeza kwenye faili na kufeli ardhini. Na gari la kunyonya lifikie chemba: shimo lililo nyuma ya jengo bila njia ya pembeni litafurika siku moja, hakuna namna.

Geti na barabara

Simama, walau kwa mawazo, pale dereva atakapokuwa ameketi kabla ya kuingia barabarani, jicho likiwa kama mita 1.1 kutoka chini. Anaona umbali gani kila upande? Viwango vya wahandisi wa barabara wa Marekani hutumia mita 65 za kuonea na kusimama kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa kwenye barabara tambarare, na mita 130 kwa kilomita 80. Ukuta wa uzio wenye urefu wa mita 2.4 hadi kwenye kona ya geti hufuta yote hayo. Dawa yake ni rahisi: kona ya ukuta ikatwe mshazari au ishushwe iwe chini ya jicho.

Geti lirudi ndani kiasi cha gari linalosubiri kufunguliwa kutosimama barabarani. Mita 6 kwa gari dogo, zaidi ya 12 kama malori yatakuja. Lifunguke kwa ndani au kwa reli. Kwa zimamoto, kanuni inayotumika sehemu nyingi za Marekani inataka njia yenye upana wa karibu mita 6, na njia isiyotokea upande wa pili inayozidi mita 45 hivi iwe na mahali pa kugeuzia. Uingereza hukubali njia nyembamba kuliko hiyo. Uliza kikosi cha zimamoto cha eneo lako kina magari gani, na uombe maoni yao kwa maandishi.

Kelele

Karakana, genereta, ukumbi na mashine ya kusaga huja na maneno matamu: “kelele zitadhibitiwa”. Omba namba. Kwenye uwanja wazi, kelele za chanzo kimoja hupungua desibeli 6 kila umbali unapozidishwa mara mbili. Genereta lililoandikwa desibeli 75 kwa mita 7 litatoa 69 kwa mita 14, 63 kwa mita 28. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1999 ulitaja desibeli 45 nje ya dirisha la chumba cha kulala usiku. Kufika huko kwa umbali pekee, genereta hilo linahitaji zaidi ya mita 220. Hakuna kiwanja cha mtaani chenye mita hizo, kwa hiyo jibu ni chumba cha kuzuia sauti au saa za kazi, na vyote viwili viandikwe kwenye kibali.

Kwenda kuona kiwanja

Nendeni kwa pamoja, na afisa, kwa usafiri wa ofisi. Usipande gari la mwombaji, usinywe hata soda yake. Hakuna maamuzi yanayotolewa pale, na maelezo ya mwombaji yawe ya kuonyesha mahali tu: “mpaka ni huu, mtaro ule.” Akianza kujitetea, mwambie kwa upole ayaweke kikaoni ili wapinzani wake nao wayasikie.

Tafuta mawe ya mipaka kwa macho. Angalia alama za maji kwenye kuta za majirani, majani ya mahali penye unyevu katikati ya kiangazi, nyaya za umeme juu, mti mkubwa ambao mchoro umeufuta. Hesabu hatua za upana wa barabara na ulinganishe na mchoro. Barabara za kwenye karatasi huwa na tabia ya kunenepa. Mlichokiona kiingie kwenye muhtasari wa kikao. Jambo ulilolijua kichwani mwako tu haliwezi kutetea uamuzi.

Kikao cha kusikiliza

Kabla ya yote hakikisha tangazo lilitolewa kwa njia na siku zinazotakiwa: kibao kwenye kiwanja, barua kwa wanaopakana nacho, au vyovyote sheria inavyosema. Tangazo lenye namba ya kiwanja iliyokosewa hubatilisha kikao chote, hata kama ukumbi ulijaa. Thibitisha akidi. Mjumbe mwenye maslahi, awe ndugu wa mwombaji, mdai wake, au mwenye kiwanja cha jirani, atamke, kisha atoke nje ya chumba. Kubaki kwenye kiti “bila kuchangia” hakutoshi; wanaozungumza wanamwona. Na simu za jioni kabla ya kikao, za mwombaji au za mpinzani, zijibiwe kwa sentensi moja: leta kikaoni.

Mpe mwombaji nafasi, kisha wanaounga mkono na wanaopinga, kisha mwombaji ajibu mapya tu. Maswali yako yawe ya kupimika. “Lori kubwa kuliko yote lina urefu gani na litageukia wapi?” huzaa jibu. “Mmefikiria msongamano?” huzaa hotuba.

Orodha ya saini 200 inakuonyesha kwamba watu wana wasiwasi, haikupi kipimo. Jirani mmoja mwenye picha ya maji yaliyoingia sebuleni, yenye tarehe, ana uzito zaidi yao wote. Hoja zisizo za mipango ziandikwe kwa heshima na ziwekwe pembeni: kwamba duka jipya litamnyang’anya wateja mwenye duka la zamani, kwamba mwombaji ni mgeni mtaani, kwamba wapangaji watakuwa vijana. Kukataa kibali kwa sababu ya namna hiyo ni kumwandikia mwombaji rufaa yake.

Kuandika uamuzi

Kuna njia nne: kukubali, kukubali kwa masharti, kuahirisha, kukataa. Kuahirisha ndiko hutumiwa vibaya. Kusitumike kukwepa kura. Azimio la kuahirisha litaje kinachosubiriwa, nani akilete na lini, kwa mfano: “Mwombaji alete usawa wa kitako cha mtaro uliopimwa na mpima ardhi, siku 14 kabla ya kikao kijacho.”

Masharti ndiyo sehemu inayohitaji kalamu nzuri. Mwongozo wa mipango wa Uingereza huyapima kwa maswali sita: ni la lazima? linahusu mipango? linahusu ujenzi huu? linaweza kusimamiwa? liko wazi? ni la busara? Mawili ya katikati ndiyo huangusha kamati. Sharti la kumtaka mwenye nyumba nne atengeneze barabara ya mtaa mzima halilingani na madhara yake. Mwaka 1994, katika kesi ya Dolan dhidi ya Jiji la Tigard, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema jiji linalodai ardhi kama sharti la kibali lazima lionyeshe uwiano kati ya linachodai na athari za ujenzi wenyewe. Hata pasipo sheria hiyo, hesabu ya namna ile inafaa: kama jengo linaongeza lita 21,500 za maji, dai bwawa la lita 21,500.

Linganisha maandiko haya. “Mwombaji adhibiti kelele na vumbi” halina maana kwa mkaguzi aliyesimama getini. “Kuchomelea na kukata chuma kufanyike ndani ya jengo, milango ikiwa imefungwa, kati ya saa 2 asubuhi na saa 11 jioni, Jumatatu hadi Ijumaa” anaweza kulikagua kwa macho na saa yake. Kila sharti litaje wakati wake pia: kabla ya kuanza ujenzi, kabla ya kuhamia, au wakati wote. Bwawa la maji lisilopewa wakati hujengwa mwisho, yaani halijengwi.

Ukikataa, sababu iwe na viungo vitatu: kanuni, kipimo, madhara. Kwa mfano wetu:

“Kamati imeona kwamba kiwanja kina mita za mraba 600 na uwiano unaoruhusiwa ni 1.5, jengo lililoombwa lina mita za mraba 1,080 za sakafu, sawa na uwiano wa 1.8, nafasi ya mbele ya mita 9 haitoshi magari kugeuka ndani ya kiwanja, hivyo yatatoka kinyumenyume barabarani, na mchoro hauonyeshi mahali maji ya mvua yanapoishia. Kwa sababu hizo ombi limekataliwa. Mwombaji anaweza kuleta mchoro usiozidi mita za mraba 900 za sakafu, wenye maegesho yanayogeukia ndani na mtaro uliopimwa. Muda na mahali pa rufaa vimeambatishwa.”

Mwenyekiti aisome kwa sauti kabla ya kura. Sababu zilizotungwa wiki moja baadaye na karani aliyekuwa anakumbuka kwa mbali hutambulika mara moja na anayesikiliza rufaa. Na kama kamati inakwenda kinyume cha pendekezo la afisa, sababu ziwe ndefu zaidi, kwa kuwa pendekezo hilo litakuwa kielelezo cha kwanza cha upande wa pili.

Baada ya kibali

Michoro iliyopitishwa igongwe mhuri kila ukurasa, na kibali kitaje namba na tarehe ya kila mchoro. Vinginevyo fundi ataonyesha toleo la awali na hutaweza kumpinga. Ukaguzi wenye faida kubwa kuliko wote ni ule wa siku kamba za msingi zinapowekwa, kabla ya zege. Siku hiyo kosa la mita moja hurekebishwa kwa kuhamisha vigingi. Baada ya ghorofa ya pili kosa lilelile hurudi kwenu kama ombi la kulegezewa kipimo, na picha za jengo lililokamilika zimeambatishwa.

Mabadiliko madogo, kama dirisha kuhamishwa upande usiotazama jirani, mpeni afisa mamlaka ya kuyapitisha, mkiandika mipaka yake. Chochote kinachoongeza sakafu, kinachosogeza jengo kuelekea mpakani, au kinachogusa sharti lililowekwa kikaoni kirudi kwenye kamati na majirani waarifiwe upya. Kibali ambacho hakijatumika hadi muda wake ukaisha kisihuishwe kwa barua tu bila kulifungua faili: kanuni huenda zimebadilika, mtaro uliotegemewa huenda umezibwa, na kiwanja cha jirani kilichokuwa tupu huenda sasa kina kisima.